Maongezi sio yanayoua muvi za Kichina

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo gazetini. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji nijibu makala ya ukurasa wa burudani ya Jumamosi iliyopita, ile iliyosema muvi za mapigano za Kichina zimeharibika kwa sababu siku hizi zina maongezi mengi na machozi mengi, mtu unakaa nusu saa hujaona hata teke moja. Mwandishi wenu namheshimu na ukurasa wake nausoma kila wiki, lakini kwenye hili amekosea pakubwa, na kwa kuwa vijana wengi wanachukua anachoandika kama kilivyo nimeona nisikae kimya.

Mi nasema hivi, ngumi kwenye muvi inauma pale tu unapojua anayepigwa ni nani, anampenda nani na akishindwa anapoteza nini. Hayo huwezi kuyajua kwa mateke, lazima watu wakae waongee, wale, wagombane na wake zao, wakose hela ya kodi. Ukiona muvi imekuchosha usikimbilie kulaumu maongezi, angalia kwanza kama yale maongezi yana kazi yoyote kwenye mapigano yanayokuja, mara nyingi utakuta hayana, na hapo ndo penye ugonjwa.

Chukua Ip Man ya kwanza ya mwaka 2008. Kila mtu anakumbuka Donnie Yen, anayecheza kama Ip Man, akisema anataka kupigana na watu kumi, wengine hata mwanzo wake hawaujui, wanaijua ile sini tu kwa vipande vya simu. Sasa rudi nyuma uone mwongozaji Wilson Yip ameweka nini kabla yake. Tupo mji wa Foshan, Ip Man ni tajiri, ana nyumba kubwa, hana kazi, anakunywa chai, na mtu akija kumjaribu anafunga mlango wapigane ndani ili atakayeshindwa asiaibike mbele za watu. Anakuja yule mbabe kutoka kaskazini, Jin Shanzhao, wanapigana sebuleni, vyombo vinavunjika, mke kanuna chumbani. Halafu mtoto wao mdogo anaingia na kibaiskeli chake cha matairi matatu, anapita katikati ya vita, anamwambia baba yake mama amesema usiporudisha mapigo vitu vyote ndani vitavunjika. Hapo Ip Man ndo anaanza kupiga kweli, tena baadae anashika fagio la manyoya la kufutia vumbi. Watu wanacheka na ni sawa wacheke, yule mgeni anachapwa bila kuvunjwa mfupa, ni mapigano ya watu wenye adabu na matumbo yaliyoshiba.

Kisha Wajapani wanaingia, nyumba inachukuliwa, mchele unaisha, yule bwana ambaye hajawahi kufanya kazi maishani anaenda kubeba makaa ya mawe. Rafiki yake anaenda kupigana mbele ya jenerali wa Kijapani ili apate gunia la mchele na harudi. Mwalimu mwingine anapigwa risasi Ip Man akiona kwa macho yake. Kwa hiyo anapoingia mle ulingoni na kutaka watu kumi, mikono ni ileile ya sebuleni, Wing Chun, ile mbinu yake ya ngumi, ni ileile, mpangaji wa mapigano ni yuleyule Sammo Hung, lakini sasa mifupa inavunjika, mtu yuko chini tayari na bado anapigwa. Hakuna mtu anayekuelezea kwamba Ip Man amebadilika, unaiona mwenyewe kwa sababu ulishaona anavyopiga akiwa na amani. Ukikata ile nusu ya kwanza kama mwandishi wenu anavyotaka, utabaki na mtu mmoja anayepiga watu kumi, na hiyo tumeshaiona kwenye muvi ngapi mpaka leo?

Tena nitaje Ip Man 3 ya 2015 maana kwenye hii nina uchungu nayo. Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda kimoja cha video hapa mtaani, na mwenye kibanda kila ikifika sini ya hospitali anapeleka mbele, watu wanashangilia, twende twende. Matokeo yake mwishoni kijana aliyekaa pembeni yangu ananiuliza sasa mbona Ip Man ameitwa kwenye pambano la ubingwa wa Wing Chun na hajatokea, kaogopa? Hajaogopa, mke wake ana kansa, muda umebaki mchache, na ile siku ya pambano yeye yuko naye wanacheza dansi. Hiyo ndo stori yenyewe ya muvi! Mwanaume mzima wa ngumi anachagua kuacha jina lake liitwe la mwoga. Halafu mke anajua mumewe anachoficha, anamwomba apige lile gogo la mazoezi ili ausikie mlio wake, mwanamke ambaye miaka yote ile milio ilikuwa inamkera, na ni yeye mwenyewe anayempangia lile pambano la mwisho na yule Cheung Tin-chi, milango imefungwa, yeye yupo pale anaangalia. Sasa mtu umekatiwa sini zote za hospitali utaelewa nini kwenye lile pambano? Unaona wanaume wawili wanabadilishana fimbo na visu, basi. Na ile ya lifti nayo ndo hivohivo, yule mpiganaji wa Kithai anawavamia wakiwa wawili ndani ya lifti, Ip Man anapigana mkono mmoja huku mwili wake wote ukimkinga mke, anamsogeza adui nje kwa ngazi, na nafasi ni ndogo kiasi kwamba huwezi kutenganisha ni mapenzi au ni mapigano. Mapigano ya sini ile yamepangwa na Yuen Woo-ping, mzee ambaye angeweza kutuwekea watu wanaoruka juu ya mapaa kama kawaida yake, akachagua lifti.

Mwandishi wenu amesema pia haya mambo ya machozi yameanza juzi. Hapana. Mwaka 2000 Ang Lee alitoa Crouching Tiger, Hidden Dragon, ikapata Oscar 4, na mle ndani watu wanaongea kama robo saa nzima kabla upanga haujaibiwa na mtu wa kwanza hajaruka ukutani. Robo saa! Wanaongelea upanga, wanaongelea kustaafu, Michelle Yeoh na Chow Yun-fat wanapendana na hawasemi. Baadae unakuja ule ugomvi wa uwanjani kati ya Michelle Yeoh na Zhang Ziyi, wanawake ambao walishaitana dada, mmoja ana upanga unaokata kila kitu na mwingine anabadilisha silaha moja baada ya nyingine, mkuki, mapanga mawili, kulabu, mpaka anashika lile rungu la chuma zito linalomshinda kunyanyua. Hapo kuna hasira ya dada mkubwa aliyedharauliwa, na kila silaha inayokatika inaongeza aibu. Angekuwa anapigana na mtu asiyemjua ingekuwa ni maonyesho ya silaha.

The Grandmaster ya Wong Kar-wai ya 2013 sitaikalia sana, najua watu wengi inawashinda, na kweli kuna sehemu inapoteza uzi. Ila ile ya Zhang Ziyi na Ma San, aliyemuua baba yake, kituo cha treni, usiku wa baridi, treni inapita pembeni yao behewa baada ya behewa, ile itazameni. Binti amelipiza kisasi cha baba yake, ameshinda, lakini kwa kisasi hicho alishaapa hataolewa, hatazaa, hatafundisha mtu mbinu za ukoo wao. Kashinda pambano na ukoo umeishia hapo.

Sisi huku tuna msemo wetu kwamba stelingi hafi. Sasa kama hafi na pia hapotezi kitu, unajua mwisho kabla hajavua shati, utaangaliaje kwa presha? Wa Hong Kong wengine walilielewa hili zamani kidogo. SPL, muvi ya polisi ya mwaka 2005, ileile timu ya Wilson Yip na Donnie Yen, wanaanza kwa kukuonyesha maaskari wa kawaida, kila mmoja na mtoto wake, huyu anatafuta zawadi, yule anajaribu kupatana na bintiye. Mtu asiye na subira anasema haya ya nini. Kisha anatokea Wu Jing na nguo zake nyeupe na kisu anawamaliza mmoja mmoja. Ndo maana ule uchochoro, Donnie Yen na rungu la polisi, Wu Jing na kisu, mpaka leo watu wanausema, mikono inaenda kasi huwezi kuhesabu lakini zaidi ya kasi unataka kwa roho yako yote yule wa nguo nyeupe apigwe. Na mwisho wake ni mchungu, Donnie Yen ameshamwangusha Sammo Hung, bosi wa wahalifu, amekaa anakunywa kinywaji chake anajua kazi imeisha, jamaa anainuka anamrusha dirishani, na gari analoliangukia huko chini lina mke na mtoto mchanga wa huyohuyo Sammo Hung. Hakuna aliyeshinda. Muvi ilikuwa inaongelea baba na watoto tangu mwanzo, na pigo la mwisho linamalizia palepale.

Nikubali kitu kimoja ambacho mwandishi wenu amekiona ila akakipa jina ambalo sio lake. Kuna muvi nyingi za Kichina ambazo kweli stori na mapigano vimekaa kama wageni wawili kwenye basi, na sababu ipo kwenye namna zinavyotengenezwa. Hong Kong wana utaratibu wao, mapigano yana mwongozaji wake kabisa. Siku ya kupiga sini ya ngumi yeye ndo anaamua kamera ikae wapi, pigo lianzie wapi, vipande viungwe vipi, na mwongozaji wa muvi anaweza kukaa pembeni akisubiri amalize. Utaratibu huo ndo umetupa watu kama Yuen Woo-ping, Sammo Hung na Ching Siu-tung, ukiuondoa na wao hawapo. Lakini kama hawa wawili hawajakaa wakaongea, mmoja anajua kwa nini watu wanagombana na mwingine anajua tu wanavyogombana. Ndo unapata muvi ambayo dakika kumi watu wanalia, dakika kumi wanapigana, na wakimaliza kupigana wanarudi kulia palepale walipoishia, kana kwamba mapigano hayakutokea. Jaribuni hiki kipimo wenyewe, sini ya ngumi ikiisha jiulize kuna nini kimebadilika, nani amejua asichokijua, nani hamwamini tena nani. Kama jibu ni hakuna, ile sini ilikuwa ya kujaza muda hata kama mateke yalikuwa mazuri.

Kuna na mambo ya soko. Tangu makubaliano ya biashara kati ya Hong Kong na China bara yaanze kutumika mwaka 2004, muvi nyingi kubwa zinatengenezwa kwa ushirikiano na bara, na huko lazima zipite kwa wakaguzi, mhalifu hatakiwi kuondoka salama. Hata kabla ya hapo Infernal Affairs ya 2002 ilitengenezewa mwisho wa pembeni kwa ajili ya bara, yule polisi msaliti akamatwe. Ukishajua adui lazima akamatwe, sehemu ya presha inakufa na mwandishi wa stori anajaribu kuifidia kwa machozi, muziki wa kinanda, mtoto mgonjwa. Haya ndo machozi anayoyachukia mwandishi wenu, na mimi pia siyapendi.

Na niseme la Wolf Warrior 2 kwa kuwa sisi inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2017 ile muvi iliingiza zaidi ya yuan bilioni 5.6 huko China, ikawa inaongoza kuliko zote zilizowahi kuonyeshwa nchini humo mpaka wakati ule. Wu Jing ameiongoza na kuicheza mwenyewe, na ule mwanzo wa kupigana na maharamia chini ya maji, bila kukata kamera, nauvulia kofia. Lakini stori inatokea Afrika, kwenye nchi ambayo hata jina haina, na Waafrika wa mle kazi yao ni kukimbia, kuugua, kuokolewa au kupiga risasi hovyo. Kuna yule mtoto Tundu na mama yake ambao Wu Jing anarudi vitani kwa ajili yao, hapo palikuwa na stori kabisa, mama amenasa kiwandani, mtoto analia, mlezi wake ni Mchina, ungeweza kukaa nao sebuleni hata dakika tano ukajua wanaishi vipi, wanaongea lugha gani wakiwa peke yao. Hakuna. Kwa hiyo kijiji kikishambuliwa sisi tunaotazama kutoka huku hatuwajui wanaokufa, na mapigano yanakuwa ya Wu Jing na yule Mmarekani Frank Grillo, sisi tumekuwa uwanja. Hapo ndo utaona maongezi yakipungua anayepotea ni nani.

Sasa linganisheni na SPL 2 ya mwaka 2015, ya mwongozaji Soi Cheang. Tony Jaa ni askari magereza kule Thailand, binti yake mdogo ana kansa ya damu, anahitaji uboho wa mtu anayelingana naye. Mtu huyo amepatikana, yupo, na ni mfungwa ndani ya gereza hilohilo analolinda baba, Wu Jing, polisi wa siri kutoka Hong Kong aliyetekwa akafungwa kwa jina lisilo lake. Hawaelewani lugha. Mwanzoni baba hajui. Unaona mwandishi alichofanya? Kuanzia hapo kila ngumi anayopigwa Wu Jing inampiga na mtoto aliye hospitali, na baba mwenyewe anaweza kuwa anampiga mtu anayeshikilia uhai wa mwanae. Mwisho wawili hawa wanapigana pamoja dhidi ya yule mkuu wa gereza mwenye suti nzuri, Max Zhang, na wewe unayeangalia huombei tu washinde, unaomba Wu Jing asivuje damu nyingi. Machozi ya mle ndani ni mengi kweli, na hakuna hata tone moja ambalo halina kazi.

Huyuhuyu Soi Cheang ndo ametoa Twilight of the Warriors: Walled In mwaka 2024, ikaonyeshwa Cannes, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya muvi bora Hong Kong. Mwandishi wenu aliitaja kwa mstari mmoja, ati inachelewa kuanza. Inachelewa wapi, kijana Lok-kwan dakika za mwanzo tu ametapeliwa hela ya kitambulisho, ameiba mzigo, amepigana ndani ya basi la ghorofa akakimbilia Kowloon Walled City, mtaa uliobanana wa Hong Kong. Ni kweli baada ya hapo muvi inapumua. Na lile eneo lilikuwepo kweli, hekta 2.6 tu, hesabu ya 1987 ilikuta watu kama 33,000, likabomolewa 1993 na 1994. Soi Cheang anakutembeza mle: kinyozi ambaye ndo mkubwa wa eneo, Louis Koo, anakohoa na anaficha ugonjwa wake, watu wanatengeneza mipira ya samaki kwa kuuza, vijana wanacheza mahjong, mtu anakula wali na nyama ya kuchoma kwenye kijimeza. Halafu mwanamke mmoja jirani yao anapigwa na mwanaume mpaka anakufa, ameacha mtoto wa kike, na wale vijana wanne wanavaa vinyago wanaenda kumshughulikia muuaji. Baada ya hapo ni marafiki, hakuna hotuba ya urafiki iliyotolewa. Kwa hiyo ikija kujulikana kwamba Lok-kwan ni mtoto wa adui wa zamani, na kwamba kuna mtu ameapa kuiua damu ile, unashika kichwa, maana umeshakula nao. Mapigano aliyoyapanga Kenji Tanigaki yanapita kwenye mapaa, ngazi, nyaya na vichochoro ulivyoshavizoea, unajua hapa ni kwa kinyozi, pale ni kwa yule bibi. Sammo Hung ana zaidi ya miaka 70 na bado anamrusha Louis Koo huku na kule. Lile la yule King ambaye kisu hakimwingii mi naona limezidi kidogo, lakini kufikia hapo wale vijana nawajua, nikakaa mpaka mwisho.

Na watu wasituambie Waswahili hatupendi stori, tunataka mateke tu. Mwaka 2011 TBC ilionyesha ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, hakuna ngumi hata moja mle, ni Wachina wanagombana jikoni, na nchi nzima ilikaa kuitazama, mpaka rais wao Xi Jinping alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, wale watafsiri wa muvi, hawakupendwa kwa kutangaza mateke, walipendwa kwa sababu walitusimulia nani ni nani, nani kamdhulumu nani, mpaka bibi asiyejua neno la Kikantoni anaelewa. Siku hizi kuna watafsiri wengine sini ya maongezi ikifika wanaweka matangazo yao ya duka na salamu za marafiki, wanarudi ngumi zikianza. Wanatunyima muvi nusu.

Kwa hiyo ombi langu kwako Mhariri, mwambie ndugu yetu wa burudani arudie kuitazama Twilight bila kupeleka mbele na atuandikie upya, hata kama bado hataipenda, ila aseme ile stori imemshinda wapi. Na wenye vibanda wanaosoma gazeti hili, mkiweka Ip Man 3 acheni zile sini za hospitali zipite, ni dakika chache, wateja watakaonung'unika watanyamaza wenyewe ikifika kwenye lile gogo.

Ni mimi msomaji wenu,
Tanga.